Fundi wa Pasua na mshono unaopasuka

Swali lenyewe nimelifupisha hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Pasua, Moshi. Natengeneza matela ya pawatila ya kubebea mpunga wa Chekereni na Mabogini. Pini ya kuvutia naikata kwenye shafti kuukuu ya ekseli ya lori, naichomelea kwenye pleti ya milimita 12. Zamani nilitumia vijiti vya kuchomelea vya namba 6013, pini zikawa zinang'oka. Nikashauriwa 7018. Sasa mshono unatoka mzuri kweli, lakini matela mawili yamerudi. Moja limepasuka siku ya pili, hata mzigo halijabeba. Halafu kila nikianzisha kijiti napata matundu. Mwenye duka anasema vijiti vyake ni vizima. Tatizo ni mkono wangu, mashine au vijiti?"

Marahaba, mdogo wangu. Umekaa Pasua, na mishono yako nayo imeamua kufuata jina la mtaa. Tucheke kidogo, kisha tufanye kazi.

Nianze na mkono, maana naona ndio unaokunyima usingizi. Nimezitazama picha mbili ulizotuma. Mawimbi ya mshono yamelingana, upana ni uleule toka mwanzo hadi mwisho, hakuna mahali ulipokimbia wala ulipolala. Mkono huo hauna ugonjwa. Mashine nitaigusa baadaye. Kinachokutesa ni vitu viwili vilivyokutana: chuma usichokijua na vijiti vilivyokunywa maji. Kimoja kikiwa peke yake unaweza ukapona nacho. Vikikutana, mshono unapasuka wewe ukiwa umelala.

Rudi kwenye picha yako ya pili uone ufa umepita wapi. Haukukata katikati ya mshono. Umetambaa pembeni, milimita moja au mbili nje ya mshono, na umeshika upande wa shafti tu. Upande wa pleti ni salama kabisa. Fundi anayejua kusoma nyufa haulizi tena maswali mengi hapo. Ufa unaopita katikati ya mshono huwa umetokea chuma kikiwa bado kina moto, mara nyingi kwa sababu mshono ni mwembamba kuliko kazi uliyoupa, au chuma ni kichafu. Kiufa kidogo chenye umbo la nyota mwishoni, pale ulipokatisha kijiti, ni shimo uliloliacha bila kulijaza. Ila ufa wa pembeni, uliotokea saa nyingi baada ya chuma kupoa, ni ufa wa haidrojeni.

Haidrojeni ni gesi, na hapa inatoka hasa kwenye maji. Unyevu ulio ndani ya koti la kijiti, ile dawa iliyopakwa kuzunguka waya wake, kutu, grisi, rangi, hata jasho la kiganja, vyote vikiingia kwenye moto wa kijiti vinavunjika na haidrojeni inazama kwenye dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Dimbwi likiganda, haidrojeni inabaki ndani, inaanza kutembea taratibu kutafuta pa kukaa. Sasa tazama shafti yako. Pleti ya kawaida ina kaboni chini ya asilimia 0.25. Shafti ya lori huwa na 0.4 au zaidi, na mara nyingi imechanganywa na vitu vingine vya kuipa ugumu. Tena ni nene na ya baridi, kwa hiyo inafyonza joto la mshono kwa kasi. Ule ukanda mwembamba ulio jirani na mshono umepata moto mkali halafu umepoa ghafla, sawasawa na mhunzi anavyochovya panga kwenye maji. Unakuwa mgumu, na unavunjika kama kioo. Wakati huohuo mshono unasinyaa ukipoa, unauvuta ukanda huo. Haidrojeni inakuta chuma kigumu kilichovutwa, inajikusanya hapo, na chuma kinaachia.

Kazi hiyo yote haifanyiki kwa dakika. Inaweza kuchukua saa, hata siku mbili. Ndiyo maana kwenye kazi kubwa za vyuma vigumu mkaguzi hapimi nyufa mpaka saa 48 zipite. Uliposema "siku ya pili, hata mzigo halijabeba" ulikuwa umeshajijibu nusu ya swali.

Nami yalinikuta. Nikiwa kijana, katika kiwanda kimoja, nilichomelea shafti saa kumi jioni, bosi akanipiga begani kwa furaha. Usiku mlinzi akasikia "ta!" kama mtu anavunja kuni kavu. Akazunguka na tochi akitafuta mwizi mpaka alfajiri. Asubuhi tukamkuta mwizi mwenyewe: ufa wa nusu duara, mwembamba kama unywele, pembeni ya mshono wangu niliousifia.

Kwa hiyo kabla hujawasha mashine, ijue shafti. Huhitaji maabara, grainda yako inatosha. Chukua kipande cha pleti na kipande cha shafti, simama kivulini ambapo cheche zinaonekana, gusa kimoja kisha kingine kwa mkono mwepesi. Cheche za pleti zitaruka ndefu, zimenyooka, zikichanua kidogo tu mwishoni. Za shafti zitakuwa fupi zaidi na zitapasuka njiani, vinyota juu ya vinyota, kama fataki. Vinyota vikiwa vingi, kaboni ni nyingi. Ukitaka ushahidi wa pili chukua tupa, sugua pembeni ya ule ufa: utasikia inateleza bila kula. Sogea sentimita tatu mbali na mshono, itakula. Ugumu ulioletwa na uchomeleaji wako unausikia kwa mkono.

Ushauri wangu wa kwanza utakuudhi kwa sababu unafuta kazi uliyoizoea: acha kuchomelea shafti ya lori kwenye ulimi wa tela, ile sehemu ya mbele ya kuvutia. Shafti ni chuma kizuri sana kwa pini, lakini pini haina lazima ya kuchomelewa. Weka pleti mbili, juu na chini, za chuma cha kawaida, zitoboe, pini ipite katikati, uizuie kwa kibati kidogo kilichofungwa bolti. Utachomelea pleti tu, chuma laini kwa chuma laini, na pini ikilika mteja ataibadilisha mwenyewe shambani bila kukupigia simu. Ekseli, springi, vyuma vya jembe la trekta, nondo ngumu: vyote viogope hivyohivyo. Springi ndiyo mbaya kuliko zote, kaboni yake inafika asilimia 0.5 na kupita.

Ikibidi kuchomelea shafti, kwa sababu mteja amekomaa au kazi ni ya ukarabati, basi ipashe moto kwanza. Ipige grainda mpaka ing'ae, kisha ipashe kwa gesi ya kukatia au jiko la mkaa lenye feni, polepole, moto uingie hadi ndani, si ngozi tu. Rangi ya chuma kilichong'arishwa itakuambia. Kikigeuka njano hafifu kama majani makavu uko kwenye nyuzi 220 hivi, kikiwa bluu umekaribia 300. Nataka ufanye kazi kati ya rangi hizo mbili. Ukishaanza usisimame kwenda kula, maliza mistari yote kipande kikiwa bado cha moto. Kisha kizike.

Hapo nyie wa Moshi mna bahati. Majivu ya pumba za mpunga, yale yanayorundikwa nyuma ya mashine za kukoboa, yanashika joto vizuri mno, hata viwanda vya chuma duniani huyatumia kufunika chuma kilichoyeyuka. Jaza pipa, hakikisha ni makavu, fukia kipande humo kilale mpaka kesho. Kikipoa taratibu hakigeuki kioo, na haidrojeni inapata muda wa kutoka. Kumwagia maji ili upake rangi haraka ndiyo njia ya uhakika ya kurudi kwenye ufa wako.

Sasa vijiti. Aliyekushauri 7018 hakukosea, ila alikupa nusu ya ushauri. Watu wanaona namba 70 wanadhani tofauti ni nguvu tu. Ni kweli 70 ni nguvu ya mshono, pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, dhidi ya 60,000 za 6013. Lakini sifa inayokuhusu wewe iko kwenye ile 8 ya mwisho: koti lake limetengenezwa liwe na haidrojeni ndogo. Koti la 6013 lina unyevu wake wa kuzaliwa nao, halitengenezwi bila huo, kwa hiyo kwenye shafti lingekuangusha hata likiwa jipya. Koti la 7018 limetoka kiwandani kavu, na lina kiu. Pakiti ikishafunguliwa linaanza kunywa unyevu wa hewani. Kanuni za kazi za madaraja na majengo ya chuma huruhusu kijiti cha 7018 cha kawaida kikae nje ya tanuri saa nne tu. Wewe umesema pakiti ulifungua mwezi Machi, na masika yote vijiti vilikuwa ndani ya kopo la rangi chini ya benchi. Mwenye duka hakukudanganya. Vilikuwa vizima siku ulipovinunua.

Kuvianika juani kama dagaa hakusaidii. Lile jokofu bovu lenye balbu ndani, ambalo karakana nyingi wanalo, linasaidia kuvitunza vilivyo vikavu ila haliwezi kuvikausha vilivyokwisha lowa. Kukausha 7018 kunataka tanuri la nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja hadi mbili, fuata maandishi ya pakiti, na usirudie mara kwa mara kwani koti linachakaa. Oveni ya kuokea mikate haifiki huko. Na ile tabia ya kugusisha kijiti mezani kikwame mpaka kiwe chekundu, eti kikauke, inaua koti: utaliona limepasuka na linamenyuka. Kwa karakana yako njia nyepesi ni kununua pakiti ndogo, kuifungua siku yenye kazi inayostahili, na vitakavyobaki kuvitumia kwenye mageti na madirisha, mahali ambapo haidrojeni haiui mtu. Pia usichanganye dawa: 6013 ukiipika kwa nyuzi 350 umeiharibu, yenyewe inatosheka na nyuzi 100 hivi.

Matundu yako ya mwanzo yana sababu mbili. Unyevu ni moja, tumeshaumaliza. Ya pili ni jinsi unavyowasha. Moto unapoanza, gesi ya koti bado haijatosha kulifunika dimbwi, hewa inaingia, na chuma kikiganda kinabaki na vishimo. Mwaka 1904 Oscar Kjellberg wa Sweden alianzisha kampuni ya ESAB, naye ndiye aliyetuletea kijiti chenye koti. Kabla yake watu walichomelea kwa waya mtupu na mshono mzima ulikuwa kama mwanzo wa mshono wako. Kwa hiyo washa milimita 10 hadi 15 mbele ya mahali unapotaka kuanzia, ndani ya njia ya mshono, rudi nyuma haraka hadi mwanzo, kisha geuka uende zako. Ukipita tena juu ya pale ulipowashia, matundu yanayeyuka na kutoka. Usiwashie pembeni kwenye chuma kisafi. Kila doa la moto kwenye shafti ni kiukanda kigumu kidogo, na ufa unapenda kuanzia hapo.

Ncha ya 7018 iliyotumika nusu inafunikwa na kitu kigumu kama kioo. Kivunje kwa kugonga taratibu juu ya kipande cha mbao. Ukikigonga kwa hasira koti linatoka pamoja nacho, na utaanza na waya mtupu. Ukishawaka, shikilia moto mfupi. Umbali kati ya ncha na dimbwi usizidi unene wa waya wa kijiti, na kwa 7018 uwe chini ya hapo, karibu unagusa. Wewe umetoka kwenye 6013 ambayo inakuvumilia ukiinua mkono na kuuchezesha. Hii haikuvumilii. Ukiinua tu, hewa imeingia.

Mashine yako umesema ni inveta. Vizuri. Holda, yaani kishikio cha kijiti, iwe kwenye jumlisha, na klampu ya ethi, ile inayobana kazi, kwenye kutoa. Mafundi wengi wanaifunga kama walivyoikuta siku ya kununua. Kijiti cha 3.2 kipe ampea 100 hadi 140, cha 2.5 kipe 70 hadi 100, ukichomelea mshono wa wima shusha kidogo. Ethi ishike chuma kisafi cha kazi yenyewe, si mguu wa meza wenye kutu. Na usiiamini namba ya kwenye kioo jioni, wakati mashine za kusaga za mtaa mzima zinanguruma na waya wako wa kurefushia ni mwembamba kama wa redio. Umeme ukishuka, moto unakuwa wa baridi, mshono unakaa juu ya chuma kama ugali uliomwagika mezani, haukuingia. Sikiliza sauti. Moto mzuri unakaanga, mlio mmoja mfululizo. Ukikohoa na kukwama, ongeza ampea au subiri.

Mengine niliyoyaona kwenye picha ni madogo. Upande wa juu wa pleti chuma kimeliwa pembeni ya mshono, kamfereji ka kama nusu milimita. Moto ulikuwa mkubwa kidogo, au ulipita pembeni bila kutua. Tua pembeni kwa kuhesabu moja, katikati pita haraka. Kwenye kitu kinachovutwa na kutikiswa barabara ya vumbi kutwa nzima, kamfereji hako ni mlango wa ufa, kwa hiyo kajaze. Ganda linalobaki juu ya mshono nalo, slagi wengine mnavyoliita, usiligonge nusunusu. Kila mstari ligonge lote, piga brashi ya waya mpaka kwenye kona, ndipo upite mstari wa pili. Kijiti kilalie upande unaokwenda, kwa nyuzi 10 hadi 20 hivi, moto ulisukume ganda nyuma. Ganda likikutangulia simama, maana unachokifunika hapo si chuma.

Bomba la zinki ulilotumia kwenye kingo za tela, ondoa zinki kwa grainda sentimita mbili kila upande kabla ya kuchomelea. Zinki inaleta matundu, na moshi wake unaleta homa na baridi usiku. Maziwa ni matamu, nami nayapenda, lakini hayazuii homa hiyo. Kaa upande unaotoka upepo.

Kuhusu kupima, kuna jaribio moja ambalo ningekuomba ulifanye Jumamosi hii. Chukua vipande viwili vya pleti ileile ya milimita 12, visimamishe kama herufi T, chomelea upande mmoja tu, urefu wa sentimita 10. Kikipoa, kipige nyundo kutoka upande usiochomelewa mpaka kilale au kivunjike. Kikivunjika, tazama ndani. Mstari mweusi kwenye kona ni ganda lililonaswa. Uso unaong'aa, wenye alama za grainda bado zinaonekana, ni mahali ambapo chuma hakikushikana kabisa. Vishimo utavihesabu mwenyewe. Nimefundisha miaka mingi na sijaona kitu kinachomnyamazisha fundi mwenye maneno kama kipande chake mwenyewe kilichofunguka.

Ukitafuta ufa kwenye kazi halisi, paka mafuta ya taa, acha robo saa, futa kavu kwa kitambaa, kisha pakaza unga wa chaki. Ufa utarudisha mafuta na kuchora mstari juu ya chaki. Subiri siku mbili baada ya kuchomelea ndipo ufanye hivyo.

Sasa yale matela mawili. Usipitishe mshono mpya juu ya ufa. Ufa uliofunikwa unaendelea chini kwa chini, na mara hii pini itaachia barabarani Mabogini tela likiwa limepakia magunia, siyo karakanani. Kata pini yote na ukanda wa pleti uliogusana na mshono wa zamani, safisha mpaka chaki isichore kitu, kisha funga pini ya bolti kama nilivyosema. Hilo tela la kwanza lililorudi, ambalo picha haikuonyesha vizuri, lipime kwa mafuta ya taa upande wa chini pia, kule ulikochomelea ukiwa umelala chali. Nina wasiwasi nako.